Kibuyu na Vijiti Hamsini

Mwishoni mwa mwaka wa 1925, tabibu wa nafsi kutoka Uswisi, Carl Gustav Jung, alipanda gari la moshi Nairobi akaelekea magharibi. Reli iliteremka kwenye Bonde la Ufa, ikapita Naivasha, Gilgil na Nakuru, kisha ikapanda nyanda za Uasin Gishu hadi mahali ambapo watu walipaita Sigistifour kwa nambari 64 ya shamba, nasi leo twapaita Eldoret. Anayepita na reli hiyo akitupa macho ng'ambo ya Ziwa Naivasha huona mlima Eburru, nyuma yake ukingo wa Mau, na chini ya miinuko hiyo uwanda wa Ndabibi, nchi ya vumbi jepesi la volkano, leleshwa na migunga, na mvuke unaofuka kwenye nyufa za miamba ya Eburru hasa asubuhi za baridi.

Jung hakuwa na shughuli Naivasha. Alikuwa akienda Mlima Elgon. Lakini mimi ambaye maisha yangu yamefungamana na Ndabibi huwa naikumbuka safari ile kila ninapofikiria habari za uaguzi, kwa sababu mtu yule alikuwa amekwisha kuzama katika elimu ya kale ya Wachina. Miaka michache kabla ya hapo, wakati wa kiangazi, alikuwa amekata matete kando ya ziwa huko Bollingen, akaketi chini ya mti wa miaka mingi, akawa anayagawa na kuyahesabu kwa saa nyingi, siku baada ya siku, kufuata maelekezo ya Yijing, Kitabu cha Mabadiliko. Aliuliza maswali yake, akalinganisha majibu na hali ya nafsi yake, akashangaa jinsi yalivyokutana. Baadaye, mwaka 1949, aliandika dibaji ya tafsiri ya Kiingereza iliyotokana na kazi ya rafiki yake Richard Wilhelm.

Huko Elgon alikaa na wenyeji katika vikao ambavyo mwenyewe aliviita shauri. Alizungumza nao kwa Kiswahili alichojifunza, kamusi ndogo ikiwa mkononi. Aliuliza kuhusu ndoto. Kwanza watu walikataa kwamba huota. Kisha laiboni mmoja mzee, yaani mwaguzi wa watu wake, akamjibu, na Jung anaandika kwamba mzee alikuwa na machozi machoni. Zamani, alisema, malaiboni waliota, wakajua kama kuna vita au maradhi, kama mvua itanyesha, na mifugo ipelekwe wapi. Babu yake bado aliota. Tangu wazungu waje hakuna aotaye tena. Ndoto hazihitajiki, kwa kuwa Mwingereza anajua kila kitu.

Jung alielewa kwamba Mkuu wa Wilaya ameketi katika kiti cha laiboni, na aliliona hilo kuwa msiba. Nakubaliana naye. Lakini ninaposoma orodha ya mzee yule naona jambo ambalo Jung hakulisimamia. Vita, maradhi, mvua, njia ya mifugo: hayo yote ni maswali ambayo watu walimletea. Laiboni hakuota hewani. Aliota akiwa amebeba swali la watu wenye ng'ombe, watoto na hofu, watu ambao kesho yake wangefunga safari kwa kufuata neno lake. Walipoacha kumwuliza, ndoto ilikosa pa kushikia.

Katika nchi hii ya Naivasha uaguzi uliojulikana zaidi ulikuwa wa Wamaasai. Ukoo wa malaiboni wao wakuu ni Inkidong'i, nao unahusishwa na enkidong, kibuyu cha kuagulia. Humo mna vijiwe. Mwaguzi hukitikisa, humwaga vijiwe kwa mafungu, huhesabu, huangalia vimeangukia wapi, kisha humwaga tena. Idadi zina maana, na maana hizo baba humfunza mwanawe kwa miaka. A. C. Hollis, afisa wa kikoloni aliyechapisha kitabu kuhusu Wamaasai mwaka 1905, aliandika kwamba laiboni alikuwa na njia nne: pembe ya nyati au ya ng'ombe yenye vijiwe, matumbo ya mbuzi aliyechinjwa, ulevi wa pombe, na ndoto. Watu wengi hudhani njia mbili za kwanza ni za hesabu tu, na mbili za mwisho ni za roho tu. Mimi nadhani ni ufundi mmoja. Anayejua kuhesabu vijiwe bila kujua kuota ni karani, na anayeota bila kuhesabu hana cha kumzuia asiseme lolote linalompendeza.

Elimu ya Wachina inaliweka jambo hili peupe zaidi, maana waliliandika. Kwa kufuata Yijing, huchukuliwa vijiti 50 vya mmea mmoja wa porini. Kimoja huwekwa kando na hakitumiki tena. Vile 49 vilivyobaki hugawanywa mara moja kwa mikono miwili, bila kuchagua wala kuhesabu. Kijiti kimoja cha fungu la kulia hushikwa kati ya vidole vya mkono wa kushoto, kisha kila fungu huhesabiwa vinne vinne na mabaki huwekwa pembeni. Ukifanya hivyo mara tatu unapata mstari mmoja, mzima au uliokatika. Mistari inayotakiwa ni sita, kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo kazi yote ni migawanyo 18. Maumbo yanayoweza kupatikana ni 64. Mtu asiye na haraka hutumia karibu nusu saa kupata umbo moja.

Msomaji wa Pwani atakuwa ameshatambua ndugu wa jambo hili. Mpiga ramli naye hutia nukta kwenye mchanga bila kuzihesabu, mkono ukienda wenyewe, kisha hupunguza kila safu hadi ibaki nukta moja au mbili. Safu nne zinamletea moja kati ya maumbo 16. Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, alipopelekewa na padri Joachim Bouvet mchoro wa maumbo 64 ya Wachina, aliona humo hesabu yake ya sifuri na moja, akaiandikia makala mwaka 1703. Alifurahi kuona hesabu. Kilichompita ni mkono.

Na mkono ndio wenye siri. Katika kibuyu, katika ramli na katika vijiti, kuna kitambo ambacho mwaguzi lazima atende bila kujua atendalo: kutikisa, kutia nukta, kugawa fungu. Akichagua, ameharibu. Mara tu baada ya hapo hesabu inaanza, nayo haina huruma. Vijiti vikibaki vitatu ni vitatu, hata kama ungependa viwe vinne. Utulivu wa nafsi unahitajika katika kitambo kile kifupi, na ni mgumu kuliko unavyosikika, kwa sababu mtu mwenye shida huwa tayari ana jibu analolitaka, na jibu hilo hukaa kwenye vidole. Kukaa kimya kwanza, kunawa mikono, kufukiza ubani, kulisema swali mara moja kisha kuliachilia, yote hayo ni kazi ya kuvitoa vidole kwenye matakwa ya mwenyewe.

Zhu Xi, mwanachuoni aliyeishi kati ya 1130 na 1200, alilijali hili kiasi cha kuandika utaratibu kamili: chumba safi, meza, chetezo cha ubani, mahali vijiti vinapotunzwa, mwulizaji akitaja jina lake na jambo lake. Wanachuoni wengi wa zama zake walikuwa wameigeuza Yijing kuwa kitabu cha falsafa pekee. Yeye alishikilia kwamba asili yake ni uaguzi, na kwamba asiyeitumia hivyo hataielewa. Mtu huyohuyo aliwashauri wanafunzi wake wakae kimya, wakiutuliza moyo, kabla na baada ya kusoma. Kwake kusoma, kunyamaza na kuhesabu vijiti vilikuwa mambo ya nyumba moja.

Upande wa pili kuna Shao Yong, aliyefariki mwaka 1077, ambaye jina lake limebebeshwa njia iitwayo Ua la Plamu. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitazama maua ya mti huo, akaona shomoro wawili wakipigana hadi wakaanguka chini. Hakuwa na vijiti. Alichukua tarehe na saa ya tukio lile, akajenga umbo, akasema jioni ya kesho msichana atakuja kuchuma maua, atafukuzwa na mtunza bustani, ataanguka na kuumia paja. Ndivyo ikawa, kwa mujibu wa hadithi. Wapenzi wa machale hupenda kisa hiki, kwa kuwa kinaonekana kumpa ruhusa mtu kuona ishara popote. Mimi huvutwa na sehemu wanayoiruka. Ndege wanapigana kila siku, na mtu huwatazama bila kusema neno. Siku ile kitu fulani kilimgusa, na hata hapo hakukiamini mpaka akipitishe kwenye hesabu. Machale yalimwamsha tu. Kazi ya kusema kulikuwa na nini iliachiwa tarehe na saa.

Nimeijaribu njia ya vijiti mwenyewe, Ndabibi, kwa vijiti vya leleshwa. Mti huo una harufu ya kafuri ambayo hubaki kwenye mikono, na matawi yake membamba yanakatika vizuri. Swali langu lilihusu shamba la familia. Tuna kipande ambacho mnunuzi amekitolea bei nzuri, nami nilitaka kujua kama tukubali. Niliketi kivulini chini ya mgunga alasiri, upepo wa ziwani ukiwa umeanza kupanda, nikaanza kugawa.

Katika migawanyo ya kwanza akili ilikuwa ikipiga kelele. Ilikuwa ikikokotoa bei, karo, deni la mbolea. Nilipofika mstari wa tatu, hesabu ya vinne vinne ilikuwa imekwisha kuizoesha mikono, na kelele zikapungua zenyewe. Hapo nikaanza kumwona shangazi yangu. Hakunijia kwa njozi wala kwa sauti. Nilimkumbuka tu jinsi anavyosimama mwisho wa kipande kile asubuhi, mkono kiunoni, akiangalia kama pundamilia wameingia kwenye mahindi usiku. Ni yeye aliyelima pale muda wote ambao sisi wengine tulikuwa mjini. Nilipomaliza mstari wa sita nilikuwa na umbo mkononi, na nilikwenda kulisoma. Lakini lililokuwa limenifikia kabla ya kufungua kitabu ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza.

Wapo watakaosema hapo hapakuwa na uaguzi, ni mtu tu ametulia akakumbuka lililo dhahiri. Siwapingi kwa ukali. Ninachoweza kusema ni kwamba lile la dhahiri lilikuwepo tangu mwanzo na sikuliona. Lilihitaji nusu saa ya mikono iliyozuiwa isiharakishe. Na pia nasema kwamba vijiti vya mtu aliyeketi peke yake, kama mimi na kama Jung kando ya ziwa lake, vina upungufu ambao kibuyu hakina. Kwenye kibuyu mwulizaji husema shida yake mbele ya mtu. Mara nyingi huja na ndugu zake. Jibu likitoka linaanguka katikati ya watu ambao wataishi nalo, wanaweza kuuliza tena, kubisha, kukumbusha jambo ambalo mwenye shida amelificha. Laiboni anawajua, anajua nani aligombana na nani kisimani. Katika hilo utambuzi wake hupata chakula. Siamini kwamba ujuzi huo unauchafua uaguzi. Ndio unaoufanya uwe wa kweli.

Hata Zhu Xi, pamoja na chumba chake safi, hakuwa peke yake siku iliyokuwa nzito kuliko zote. Mwaka 1195 alikuwa ameandika waraka mrefu kwa mfalme kumshambulia Han Tuozhou, aliyekuwa ameshika madaraka na kumwangusha waziri Zhao Ruyu. Wanafunzi walimsihi asiupeleke, kwani ungemwangamiza. Hakuwasikia. Mmoja wao, Cai Yuanding, akaomba vijiti viamue. Likatoka umbo la Dun, mbingu juu ya mlima, ambalo ni umbo la kujitenga. Zhu Xi akanyamaza, akauchoma waraka, na tangu hapo akajiita mzee wa kujitenga. Mafundisho yake yalipigwa marufuku muda si mrefu baadaye, na alifariki yakiwa bado chini ya marufuku hiyo. Vijiti havikumwokoa na hilo. Ila wanafunzi waliokuwa wamemlilia walipata njia ya kusikilizwa, naye akapata njia ya kuwasikia bila kushindwa nao.

Hapa Naivasha watu walinyimwa mahali pa kuulizana hivyo. Mwezi Agosti 1904, Olonana, mwana wa laiboni mkuu Mbatiany, aliweka alama yake kwenye mkataba ulioiondoa jamii ya Wamaasai katika nchi hii ya maziwa ili ardhi ya karibu na reli ibaki kwa walowezi. Waingereza walikuwa wamemtambua kama chifu mkuu. Walitaka mtu mmoja mwenye kauli, na laiboni aliyezoea kuulizwa akageuzwa kuwa mtu wa kutia sahihi. Waliohamishiwa Laikipia wakahamishwa tena kuelekea kusini baada ya mkataba wa 1911, mwaka ambao Olonana alifariki. Mashamba ya ng'ombe ya wazungu yakaenea upande huu wa ziwa. Kaskazini magharibi, kwa Wanandi, Koitalel arap Samoei, mwaguzi na kiongozi wao, aliuawa Oktoba 1905 alipokwenda kukutana na afisa wa Kiingereza Meinertzhagen kwa mazungumzo. Mwaka 1925, uleule wa safari ya Jung, ikatungwa sheria ya uchawi. Mwaka 1934 ikaja sheria ya kuwaondoa malaiboni, na watu wa Talai, ukoo wa waaguzi, wakatolewa Kericho wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Viktoria.

Serikali ile iliogopa nini kwenye kibuyu cha vijiwe? Nadhani iliogopa mkusanyiko. Watu wanaoketi pamoja kumsikiliza mtu anayehesabu polepole wana muda wa kufikiri, na wakisimama wamekubaliana.

Leo Ndabibi ina watu wa kila upande, Wakikuyu, Wamaasai, Wakalenjin na wengine, na maswali hayajapungua. Mvua inachelewa, ziwa linafurika, bei ya maziwa inashuka, kijana hana kazi. Maswali haya sasa yanapelekwa kwenye simu na kwa manabii wa redioni, wanaotoa nambari ya kutuma pesa kabla hawajasikia jina lako. Sitawaweka hawa pamoja na laiboni wala na Zhu Xi, hata kama wote wanasema wanaona yajayo. Nabii wa redioni hakai kijijini kwako. Akikosea hutamkuta njiani. Hana kibuyu kinachoweza kumpinga kwa idadi asiyoitaka, na hana dakika hata moja ya kunyamaza, kwa kuwa ukimya hewani ni hasara. Kwangu hicho ndicho kipimo: je, mwaguzi anaweza kuzuiwa na kitu nje ya mapenzi yake, na je, ananyamaza kwa muda wa kutosha hata anayeuliza ajisikie mwenyewe?

Jung alipoandika dibaji yake alikitupia kitabu swali kuhusu kitabu chenyewe, akapata umbo la 50, Ding, chungu cha shaba chenye miguu mitatu ambacho Wachina wa kale walipikia vyakula vya ibada. Alifurahi, kwa kuwa aliliona jibu kuwa kitabu kikijieleza kama chombo chenye chakula ndani yake. Naipenda tafsiri hiyo. Ningeongeza tu kwamba chungu cha ibada hakipikiwi mtu mmoja, na mzee wa Elgon angelijua hilo bila kuambiwa.

Umbo lililotoka kwenye vijiti vyangu vya leleshwa silitaji hapa, maana familia haijalisikia. Jumamosi ijayo ndugu zangu wanakuja kutoka Gilgil na Narok. Mnunuzi ameambiwa asubiri. Shangazi ameomba aanze yeye kusema, na amesema tusilete mtu mwenye makaratasi mpaka amalize.